Mikono Bila Uso

Mama,

Neno hilo nimelitamka tangu nijue kuongea na hukulisikia hata siku moja. Nyumbani nilikuwa nakuita kwa mguu: nagonga sakafu, unahisi, unageuka. Sasa nimebaki na kalamu. Ni afadhali, maana leo hutanikatiza, na nimekasirika, kwa hivyo kaa chini unisikilize.

Ruzuku imetoka. Ile ya chuo, ya miradi ya kufundisha na kutafiti kidijitali, uliyoiomba mara mbili wakakunyima mara mbili. Mara ya tatu wamekubali, na wewe tayari uko Lang'ata chini ya udongo. Wamekubali, nami nimekataa. Najua unavyonitazama sasa hivi. Ngoja kwanza nikueleze.

Nyumba yetu ya mtaa wa Jamhuri iko vile ulivyoiacha. Taa ya mlango bado inamulika mtu akibonyeza kengele, na mimi bado nagonga sakafu kabla ya kuingia jikoni nisikushtue. Unamkumbuka Mama Kevo wa chini, yule aliyekuwa anapanda kila wiki kulalamika? Watu hudhani nyumba ya kiziwi ni kimya. Waje waulize Mama Kevo. Sufuria zako, milango yako, miguu yetu wawili, kicheko chako cha kuamsha ploti nzima. Juzi alipanda tena. Nikafungua mlango nikiwa nimejiandaa kwa vita, kumbe ameleta chapati. Akaniambia, "Huko juu mmenyamaza sana, siku hizi silali vizuri." Nilichukua sahani nikafunga mlango.

Hasira yangu ilianza siku ya mazishi, tuanzie hapo. Hakuna aliyekuwa ametafuta mkalimani. Kila mtu alidhani mwingine ametafuta, na wote walidhani, ah, si binti yake yuko. Mama, nimetafsiri mazishi ya mama yangu mzazi. Nilisimama kando ya jeneza lako nikawatafsiria marafiki zako mahubiri, mikono ikiwa na kazi hata sikupata wa kupangusia machozi. Halafu pasta akasema tufumbe macho tuombe. Nikatafsiri hilo pia. Anti Salome, mshonaji wako wa pale Adams Arcade, rafiki yako tangu shule ya bweni, alinitazama mimi, akamtazama pasta, akakodoa macho yake yote mawili mpaka amina. Viziwi wakifumba macho, nani atawaambia maombi yameisha? Pasta alikuzika bila kujiuliza swali hilo, na ulikuwa mshirika wa kanisa lake miaka yote hiyo.

Sasa turudi kwa ruzuku.

Mwaka ule wa kwanza ombi uliliandika mwenyewe. Kiswahili cha vitabu kwako kilikuwa lugha ya ugenini, ulijifunza ukubwani kwa taabu, na bado ukakaa na fomu zao jioni baada ya jioni. Ulitaka kitu kimoja tu: masomo ya lugha ya ishara kwa video, ili mwalimu anayesikia, anayetupwa kwenye darasa la watoto viziwi huko mashambani akiwa anajua kusema "kaa" na "simama" peke yake, apate pa kujifunzia. Ulikuwa umewaona walimu hao. Ulikuja nyumbani ukaniigizia mmoja, mikono inakwenda, uso umekufa kabisa, mpaka tukacheka tukaketi sakafuni. Halafu ukaacha kucheka ukaniambia kwamba mikono ni mahindi na uso ni maharagwe, na ukiondoa kimoja hiyo si githeri tena.

Kamati ikajibu kwamba lugha ya ombi haieleweki. Mwaka uliofuata ukanipa mimi niandike, na kamati ikajibu kwamba ni dhahiri mwombaji hakuandika mwenyewe. Mara Kiswahili chako kibaya mno, mara kizuri mno. Wewe ulikunja hiyo barua ukaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Mimi nilitaka kwenda kuwafungulia mdomo, ukanizuia.

Na ile siku walipokuita kujieleza, kabla ya hiyo barua ya pili? Hata leo nikipita mbele ya jengo lile katikati ya jiji damu inanichemka. Uliwaomba wahamie upande wa pili wa meza, kwa sababu dirisha lilikuwa nyuma yao na nyuso zao zilikuwa giza tupu kwako. Wakasema viti vimepangwa kwa majina. Mwenyekiti, yule daktari wa tai nyembamba, hakukutazama hata kidogo. Alinitazama mimi akasema, "Muulize mama kama anajua kompyuta." Umefundisha katika chuo hicho tangu nikiwa shule ya msingi, na mtu ananiuliza mimi kama wewe unajua kompyuta. Ukapiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka. Ukasema: niulize mimi, niko hapa. Nikatafsiri, na sauti niliipandisha kuliko ulivyopandisha mikono, usinilaumu. Yeye akatabasamu, akanigeukia mimi tena, akauliza swali la pili.

Walipokunyima mara hiyo alinisimamisha kwenye ngazi. "Madam, nikushauri kama rafiki. Mngetengeneza ile kitu ya kisasa, katuni ya kompyuta inayofanya hizo ishara. Hiyo ndiyo wafadhili wanapenda." Nilikuja kukusimulia jikoni nikicheka. Wewe hukucheka. Uliendelea kuchambua sukuma wiki.

Basi tukatengeneza video zetu wenyewe bila senti ya mtu. Hizo ndizo asubuhi zangu nzuri, na nazikumbuka hata nikiwa na hasira. Sebuleni, jua la Jumamosi likiingia, leso imetundikwa ukutani kuficha kalenda, wewe na ile sweta ya rangi ya maziwa isiyo na maua ili mikono ionekane. Simu yangu juu ya rundo la vitabu. Somo la kwanza salamu, la pili chakula, la tatu jamaa. Ulikuwa mkali kuliko mwongozaji wa sinema. Nikitikisa simu kidogo, tunaanza upya. Nikicheka, tunaanza upya. Mwisho wa somo la tatu ulipofika pa kunitaja mimi, ulicheka wewe mwenyewe, na hiyo ukakataa turudie.

Nikuandikie jina langu la ishara hapa, ijapokuwa halina herufi. Anti Salome ndiye aliyenipa, nikiwa mchanga, siku alipokuja kuniona na uji. Kidole cha shahada katikati ya nyusi, na uso mzima umekunjwa, uso wa mtoto aliyenyang'anywa titi. Alisema nimezaliwa nikidai deni. Kidole peke yake hakimwiti mtu. Bila kununa, hilo si jina langu, ni mtu anajikuna. Na wewe ulikuwa na namna yako ya kulisema ambayo hata Salome hana: unanuna, lakini macho yanacheka nyuma ya huko kununa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo.

Nimefika mahali pagumu, hospitali.

Mkono mmoja ulikuwa na dripu, ukawa unasema kwa huo mwingine. Nilikuwa nimekupa habari kwamba kamati imetuma ujumbe tena, kwamba iko tayari kulitazama ombi kama tutakubali hiyo katuni yao. Ukafikiri kidogo. Ukasema: wape. Video zangu wape, hata wakizikatakata wape, watoto wanangoja. Nikainua mikono nikujibu, na wewe ukafumba macho.

Mama, wewe na macho yako. Watu wengine wakichoka na ugomvi hutoka nje au hupandisha sauti. Nyinyi mnafumba macho, basi, kesi imeisha, anayebaki anapunga mikono hewani kama mwendawazimu. Umenifanyia hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilipotaka kuacha shule, nilipomleta yule mwanamume wa Kawangware, nilipokataa kazi ya benki: neno lako la mwisho, kisha macho, tap. Nikawa nangoja ufungue. Siku zote ulifungua, ukiona nimepoa. Safari hii nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikiwa na jibu langu mkononi, nikangoja, na hukufungua tena. Nani anafanya hivyo? Nani anaaga dunia katikati ya ugomvi akiwa ameshinda?

Kwa hivyo niliwapa. Nataka ujue kwamba nilianza kwa kukutii. Niliandika ombi la tatu vile ulivyosema, nikaambatanisha yale masomo matatu, nikapeleka. Wakaniita.

Kabla ya yote mwenyekiti akasema tusimame dakika moja ya ukimya kwa heshima yako. Ukimya, Mama. Walishindwa kukuwekea mkalimani hata mmoja zaidi yangu maisha yako yote, wakakupa ukimya, kana kwamba hukuwa na wa kutosha. Wote wakainamisha vichwa na kufumba macho. Mimi nilibaki nimeyakodoa kama Salome.

Kisha wakazima taa, mtaalamu wao wa kompyuta akawasha projekta. Akaeleza kwamba wamechukua video zako, kompyuta imesoma mikono yako, na mikono hiyo wamemvisha mwalimu wa kidijitali. Akatokea ukutani. Msichana wa katuni, mweupe kidogo, nywele zimelala, tabasamu limegandishwa mdomoni. Na mikono ni yako. Ningeijua popote. Kile kidole chako kidogo kisichonyooka tangu ulipokivunjia mlangoni, mkono wa kushoto unaochelewa kidogo. Mikono ya mama yangu imetokeza kwenye mwili wa yule kiumbe.

Nikauliza uso uko wapi. Mmoja wa wanakamati, mama wa heshima, akanijibu kwa upole kabisa, "Uso tulitoa. Mwalimu alikuwa na sura kali, si unajua? Huyu anapendeza, hata watoto hawatamwogopa."

Nilirudisha macho ukutani. Niliogopa nitakachosema.

Katuni akauliza umekula, lakini nyusi hazikupanda, kwa hivyo hakuuliza. Alisema tu umekula, kama mtu anayekusingizia. Akasema usiende, bila kutikisa kichwa, kwa hivyo alisema nenda. Watu wale walikuwa wanatikisa vichwa wao, wamefurahi. Akaingia somo la tatu, jamaa. Akafika pale unaposema baba yako alikufa ukiwa mdogo. Unakumbuka ulivyosema hapo, mashavu yameingia, macho chini? Yeye alisema baba yangu alikufa huku anatabasamu meno yote nje.

Halafu akaniita. Kidole kikaja katikati ya nyusi, kikagusa, kikarudi. Uso mtupu, tabasamu lilelile. Nilingoja. Moyo wangu, mjinga, ulikuwa umeshaanza kuitika. Na hakuna aliyekuwa ameniita.

Nikamuuliza yule mtaalamu hapo amesema nini. Akapekua karatasi zake. "Hiyo haikuwa kwa kamusi yetu, madam. Tutaitoa."

Nilisimama. Nilianza kwa mdomo, sauti ikaanza kunitoroka, kwa hivyo nikaendelea kwa mikono. Nilisema yote, na matusi mawili uliyonikataza. Walitazamana. Mwenyekiti akasema, "Madam, sisi hatuelewi." Nikamjibu kwa mdomo kwamba hata watoto hawatamwelewa huyo wenu, ila wao hawatakuwa na pa kulalamika. Nikawaambia nataka pesa ile itengeneze video zenye uso wa mama yangu, na nyuso za walimu wengine viziwi, au nachukua video zangu. Simu ilikuwa yangu, sebule ilikuwa yetu, na wao hawakutoa hata kiti.

Mwenyekiti akavua miwani. "Hii pesa iko na masharti. Ni katuni ama hakuna. Na watoto wakikosa, itakuwa ni kwa sababu ya hasira yako."

Hapo alinipiga, Mama, kwa sababu alitumia fimbo yako. Watoto wanangoja. Nilishuka ngazi zile nikawa natembea tu, sijui nilikatia barabara gani, wachuuzi wananipigia kelele nisikanyage viatu vyao. Nilikuwa nabishana na wewe kwa mikono, watu wananipisha njia.

Nikaenda kwa Anti Salome. Nilidhani atanikumbatia. Alikuwa anakata sare za shule. Nikamsimulia, akaweka mkasi chini. Akasema: mama yako alisema wape. Akasema kidogo ni bora kuliko bure, na kwamba mimi ninayesikia ni rahisi kwangu kukataa kwa niaba ya wasiosikia. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa maana si la uongo. Tuligombana pale mlangoni mikono ikiruka, wateja wamesimama na vitambaa vyao wakitutazama kama sinema. Mwisho akafumba macho. Naye pia. Ni ugonjwa wenu.

Lakini Salome si wewe, yeye hufungua jicho moja kuchungulia. Alipochungulia nilikuwa nimeshika simu mbele yake. Nilikuwa nimemrekodi katuni kule kwenye mkutano. Akatazama. Akaona umekula isiyo swali. Akaona baba yangu alikufa na yale meno. Akaona kidole katikati ya nyusi. Akaniuliza, huyu ni nani? Nikamwambia, huyo ni Mama. Salome akairudisha simu ikiwa imeangalia chini. Hakusema nimefanya vizuri, hajasema mpaka leo. Alivuta kiti akaniambia niketi nimkunjie sare.

Ruzuku imepewa mradi mwingine. Kazi yangu ya kuwakalimania wanafunzi viziwi pale chuoni bado ninayo, kwa sababu hawana mwingine. Mwezi ujao natafsiri mahafali, na mgeni wa kuhutubia ni mwenyekiti mwenyewe. Maneno yake nitayapeleka yote bila kupunguza, na uso nitampa ule anaoustahili. Wanafunzi wako watafurahi.

Sitakudanganya kwamba nimepata njia nyingine kubwa. Sina. Nina simu, na yale masomo, na Salome ambaye Jumamosi iliyopita alikuja amevaa sweta yako ya rangi ya maziwa, akaketi mbele ya leso bila kuniambia lolote, akangoja niwashe. Tumefanya somo la nne, sokoni. Ni mkali kuliko wewe.

Na kuna mwalimu mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wako wa kozi ya likizo, sasa yuko shule moja upande wa Kitui na darasa la watoto viziwi. Mmoja tu, najua, na wengi hawajafikiwa, usinihesabie. Nilimtumia somo la kwanza hadi la tatu, wewe mzima, mikono na uso. Jana alinirudishia video. Watoto wamepangwa nje ya darasa, vumbi, sare zimepauka, wanasoma jamaa. Mama, baba, dada. Wakafika mwisho wa somo. Mwalimu hakujua kwamba hiyo ya mwisho si neno la kufundishwa, kwamba ni jina la mtu, kwa hivyo alikuwa amewafundisha vile ulivyofanya. Wote wakainua kidole katikati ya nyusi. Wakanuna. Na kwa sababu wewe ulicheka siku ile ukakataa turudie, nao wakanuna huku macho yanacheka, mstari mzima, watoto nisiowajua hata mmoja.

Nilikuwa jikoni. Niliitika, Mama. Niligonga sakafu kwa mguu mpaka Mama Kevo akagonga dari yake kwa ufagio.

Basi. Bado nina hasira nao, hata na wewe pia, itapoa ikitaka. Nakuahidi kitu kimoja: mikono yako haitakwenda mahali popote bila uso wako, nikiwa hai. Ulisema wape, nimesikia, na nimekataa, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo mkononi siku ile hospitalini. Lala salama. Msalimie babu.

Usiinue mikono, sitaki kujibiwa. Leo neno la mwisho ni langu, na sasa ni mimi ninayefumba macho.